Mlifunga kwa Ajili ya Nani?

Mada hii ilitolewa kwa waamini kwenye siku ya mafungo ya Kwaresima. Tumeiweka yote kama ilivyosemwa, kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Tumsifu Yesu Kristo!

Mababa mapadre, masista na mabruda, wazazi wangu, ndugu zangu, na ninyi vijana mliojazana kule nyuma karibu na mlango, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Viti vya mbele bado vipo vitupu, ila najua hakuna atakayesogea, basi tuendelee.

Mada niliyopewa ni kumtanguliza Mungu kuliko nafsi zetu katika kipindi hiki cha Kwaresima. Nilipoisoma niliona kuwa ni mada ambayo kila mmoja hapa ameshakubaliana nayo kabla sijafungua mdomo. Nani atasimama hapa aseme, "Mimi natanguliza nafsi yangu"? Hakuna. Hapo ndipo penye hatari. Jambo tunalolikubali haraka hivyo hatulichunguzi. Tunaitikia amina, tunakunja karatasi, tunaenda nyumbani tulivyokuja.

Kwa hiyo leo sitawauliza kama mnafunga. Nawaona, mnafunga. Nitauliza swali ambalo Mungu mwenyewe aliliuliza.

Fungueni Biblia zenu, kitabu cha nabii Zekaria, sura ya 7. Kipo kule mwishoni mwa Agano la Kale, na kwa wengine najua kurasa zake bado zimeshikana. Tuko mwaka wa nne wa mfalme Dario wa Uajemi, yaani mwaka 518 kabla ya Kristo. Wayahudi wamesharudi kutoka uhamishoni Babeli. Hekalu linajengwa upya, bado halijaisha. Watu wa Betheli wanatuma wajumbe Yerusalemu, Shareza na Regem-Meleki pamoja na watu wao, wakawaulize makuhani na manabii jambo moja: je, tuendelee kulia na kufunga katika mwezi wa tano kama tulivyofanya miaka hii yote?

Mwezi wa tano ulikuwa na kidonda chake. Ndio mwezi ambao Wababeli waliliteketeza Hekalu la kwanza. Walifunga pia mwezi wa saba, na mapokeo ya Wayahudi yanasema walikuwa wanaomboleza kifo cha Gedalia, liwali aliyeuawa baada ya mji kuanguka. Saumu hizo hazikuandikwa na Musa. Watu walijiwekea wenyewe, kwa uchungu wao, na walizishika yapata miaka 70. Baba alimrithisha mwana, mwana akamrithisha mjukuu. Sasa Hekalu linasimama tena, na swali lao lina maana kabisa: tuache au tuendelee?

Mungu aliwajibu nini? Hakusema acheni. Hakusema endeleeni. Aliwarudishia swali: mlipokuwa mnafunga na kuomboleza miaka yote hiyo sabini, je, mlinifungia mimi? Na mlapo na kunywa, si mnakula na kunywa kwa ajili ya nafsi zenu?

Sikieni vizuri hapo. Kwamba tunakula kwa ajili yetu wenyewe, hilo tunalijua. Mungu anakwenda mbali zaidi, anasema hata kufunga kwenu kulikuwa kwa ajili yenu wenyewe. Wakila, ni wao. Wakifunga, ni wao. Meza ikijaa, nafsi imekaa kichwani pa meza. Meza ikiwa tupu, nafsi bado imekaa palepale!

Halafu anawaambia anachokitaka: hukumuni hukumu ya kweli, mwoneaneni huruma, msimdhulumu mjane, wala yatima, wala mgeni, wala maskini. Wao walikuja kuuliza habari za kalenda. Mungu akawauliza habari za jirani.

Ndugu zangu, neno langu lote la leo liko hapo, na mengine nitakayosema ni kulizungukia tu: sadaka tunayojichagulia ni nyepesi, na ile tunayoombwa ndiyo nzito. Kumtanguliza Mungu ni kumwachia yeye achague.

Tazameni Kwaresima yetu. Kanisa limetuwekea kidogo sana kwa sheria. Kanuni za Kanisa zilizotolewa mwaka 1983 zinataka tufunge siku mbili tu: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Wanaobanwa na saumu hiyo ni wale wenye umri wa miaka 18 hadi wanapotimiza 59. Kujinyima nyama kunaanza mtu akitimiza miaka 14. Basi! Siku mbili za kufunga katika mwaka mzima. Sehemu kubwa ya kinachobaki tumeachiwa wenyewe, kila mtu na dhamiri yake, na hapo kwenye kujichagulia ndipo nafsi inapopenyeza kichwa.

Tunachagua nini? Mara nyingi tunachagua tunachokiweza, au chenye faida kwetu. Kuna anayeacha vitu vitamu siku zote za Kwaresima, na ikifika Pasaka jambo la kwanza ni kupanda kwenye mizani. Kuna anayeacha pombe, fedha iliyookolewa anajinunulia kitu alichokitamani tangu mwaka jana. Mimi sisemi kupunguza mwili ni vibaya. Daktari akikuambia punguza, punguza. Ila usimwandikie Mungu hesabu ya kitu ulichokuwa unajilipa mwenyewe.

Wakristo wa zamani waliliona hili mapema. Katika karne ya 2 kule Roma kuna andiko linaloitwa Mchungaji wa Herma. Humo Mkristo anayefunga anaelekezwa hivi: piga hesabu ya chakula ambacho ungekula siku hiyo, kisha gharama yake umpe mjane, au yatima, au mwenye shida. Njaa yako imshibishe mtu mwingine. Ukifunga halafu kile ulichojinyima kikabaki kwako, umeweka akiba, na akiba ni jambo zuri, ila tusiite sadaka.

Sasa twende jangwani.

Domenika ya kwanza ya Kwaresima, kila mwaka, Injili ni ya majaribu ya Yesu. Masomo ya Kanisa yanazunguka kwa miaka mitatu: mwaka A tunamsoma Matayo, mwaka B Marko, mwaka C Luka. Marko anapita haraka, mistari miwili na kwisha. Matayo na Luka ndio wanaotupa mazungumzo yenyewe.

Niwaulize: kugeuza mawe yawe mikate ni dhambi? Inakatazwa na amri ya ngapi? Yesu amefunga siku 40. Siku zimetimia. Ana njaa, na njaa si dhambi. Uwezo anao. Baadaye atawalisha wanaume 5,000 kwa mikate mitano na samaki wawili, na Kana atageuza maji kuwa divai, tena divai nzuri kuliko ile ya kwanza. Kwa nini basi hapa anakataa?

Anakataa kwa sababu hapa angejifanyia mwenyewe. Pitieni Injili zote nne. Nitajieni muujiza mmoja, mmoja tu, ambao Yesu aliufanya ili ajinufaishe.

Mzee wangu hapa mbele ananikumbusha ile shekeli iliyokutwa mdomoni mwa samaki, Matayo 17. Ahsante, mzee, nimefurahi kwamba mnasoma. Lakini tazama: ile ililipa ushuru wa Hekalu, wake na wa Petro, na anasema mwenyewe kuwa ni ili wasiwakwaze watu. Hakuna kilichobaki mfukoni.

Na mjaribu anaanzaje? "Ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu." Yaani cheo chako kikufae basi! Luka anasema Ibilisi akamwacha kwa muda. Kwa muda, maana yake atarudi. Alirudi lini? Msikilizeni mpita njia pale Golgotha, Matayo 27: ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu, shuka msalabani. Ni maneno yaleyale ya jangwani! Na wakuu wa makuhani wakadhihaki: aliokoa wengine, hawezi kujiokoa mwenyewe. Walidhani wanamtukana, kumbe wameeleza maisha yake yote kwa sentensi moja.

Kuna jaribu jingine hapo ambalo nadhani sisi watu wa kanisani linatuhusu kuliko lile la mkate. Shetani anampandisha Yesu juu ya kinara cha Hekalu, yaani kilele chake, anamwambia jitupe chini, na anamnukulia Zaburi ya 91. Shetani anazijua Zaburi, ndugu zangu. Anamwambia: Mungu ameahidi kukulinda, sasa mfanye atimize. Anamwalika amtumie Mungu. Na je, sala zetu ngapi zimesimama pale juu ya kinara? Tunapanga sisi, tunaamua sisi, tunaruka sisi, kisha tunamwambia Mungu atume malaika watudake. Tunaita imani.

Yesu anajibu mara tatu, na mara zote tatu anajibu kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati, kitabu kinachokumbuka safari ya Waisraeli jangwani. Pale walipoanguka wao kwa miaka 40, yeye anasimama.

Lakini nisije nikawachosha na Yesu asiyetaka lolote. Nendeni naye Gethsemane. Pale anataka kitu, na anakisema waziwazi: ikiwezekana, kikombe hiki kiniepuke. Matayo anasema aliomba hivyo mara tatu. Kumtanguliza Mungu hakukunyang'anyi mapenzi yako, wala hakukulazimishi ujifanye hayakuumi. Unayataja. Unayalilia hata, kama unaweza. Kisha unasema neno gumu kuliko yote katika sala: lakini si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe.

Tuingie kwa mama mmoja ambaye hata jina lake hatulijui.

Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 17. Kuna ukame mkubwa. Nabii Eliya anaambiwa na Mungu aende Sarepta, mji wa Sidoni, nje ya Israeli, nchi ya watu wanaoabudu Baali. Anafika langoni, anamkuta mwanamke mjane anaokota kuni. Anamwomba maji. Mama anakwenda kuyaleta bila neno, ingawa ni wakati wa ukame. Akiwa njiani Eliya anamwita tena: na kipande cha mkate pia.

Hapo mama anasimama. Anasema, kama Bwana Mungu wako aishivyo, sina mkate. Angalieni, anasema Mungu wako, hasemi Mungu wangu. Nina konzi ya unga katika pipa na mafuta kidogo katika chupa. Naokota kuni mbili niingie nipike, mimi na mwanangu tule, kisha tufe.

Eliya anamjibu: usiogope, nenda kafanye kama ulivyosema, lakini unifanyie mimi kwanza mkate mdogo, uniletee, kisha ujifanyie wewe na mwanao.

Kwanza. Mkate mdogo, lakini kwanza.

Eliya hakumwomba unga wote. Alimruhusu apike chake na cha mwanawe. Alichokidai ni zamu tu. Unga ni uleule, konzi moja. Swali ni nani anatangulia. Na hebu tujiulize, katika siku zetu Mungu anashika zamu ya ngapi? Kuna mtu anaanza siku na simu, anaendelea na kazi, anaingia kwenye mazungumzo, anarudi nyumbani, anatazama mpira, anarudi kwenye simu, na saa ile macho yanapojifunga yenyewe ndipo anasema, "Kwa jina la Baba," na la Mwana halifikii. Hajamnyima Mungu muda. Amempa makombo. Ukimpa Mungu dakika kumi za asubuhi, kabla hujagusa simu, umempa mkate mdogo. Ni mdogo kweli. Lakini ni wa kwanza, na siku nzima itajua nani alitangulia.

Hapa lazima niseme jambo, na mapadre watanisamehe nikilisema kwa ukali. Habari hii ya mjane wa Sarepta imetumiwa vibaya mno. Wako wahubiri wanaoisoma mbele ya watu maskini, kisha wanajiweka wao mahali pa Eliya: niletee mimi kwanza, uone pipa lako litakavyofurika. Someni sura yote. Kwanza, pipa halikufurika. Imeandikwa kwamba halikupunguka, yaani kila siku mlikuwamo cha siku hiyo. Mama hakutajirika. Pili, Eliya alikaa katika nyumba ileile, akala unga uleule wa pipa lile. Hakuchukua mkate akaondoka. Nabii alishiriki njaa ya mjane. Anayekuomba mkate wako wa mwisho mwangalie kwanza anakula wapi.

Na tatu, hili watu hawapendi kulisoma: baada ya hayo yote, mtoto wa yule mama akaugua, ugonjwa ukazidi, pumzi ikamtoka. Baada ya kutanguliza! Baada ya kutii! Mama alimlilia Eliya kwa uchungu, akamshtaki kwamba amekuja kumwulia mwanawe. Mungu alimrudisha mtoto kwa sala ya Eliya, ndiyo. Ila kabla ya hapo mama alipita katika giza, akiwa mtiifu. Kumtanguliza Mungu si bima. Mtu asikuahidi kwamba ukifunga vizuri Kwaresima hii hutauguza, hutafukuzwa kazi, hutazika. Kama tunamtanguliza ili atulipe, tumerudi palepale kwa watu wa Betheli, tunakula na kufunga kwa ajili ya nafsi zetu.

Mnanifuata? Vizuri. Maana sasa nakuja kwenye sehemu ambayo huenda itatuuma wengi.

Kuna njia ya kusema "Mungu kwanza" ambayo Yesu mwenyewe aliikemea. Marko, sura ya 7. Palikuwa na desturi ya mtu kutamka kwamba mali yake ni Korbani, maana yake imewekwa wakfu kwa Mungu. Akishatamka hivyo, wazazi wake wakija na shida anawajibu: kile ambacho kingewasaidia ninyi ni Korbani. Mikono yake safi, jina la Mungu mdomoni, na baba na mama wanahangaika. Yesu akawaambia mnalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yenu.

Korbani bado iko. Kuna mtu yuko kanisani Jumatatu kwaya, Jumanne jumuiya, Jumatano kamati, Alhamisi kuabudu, Ijumaa Njia ya Msalaba, Jumamosi mazoezi tena. Ukimuuliza atakujibu Mungu kwanza. Nyumbani kuna mgonjwa anayemsubiri ambaye hajakaa naye wiki nzima. Mimi siwatanii wanakwaya, nawapenda. Nauliza tu: je, huko kanisani umekwenda kwa ajili ya Mungu, au umekimbilia mahali ambapo watu wanakupongeza kuliko nyumbani? Nafsi ni janja. Ukiifukuza jikoni inakimbilia sakristia.

Tena kumbukeni Matayo 5. Ukileta sadaka madhabahuni ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, nenda upatane kwanza na ndugu yako. Kwanza, tena! Kumbe kuna siku ambapo kumtanguliza Mungu ni kumgeuzia madhabahu yake mgongo kwa muda, utoke nje ukabishe hodi kwa mtu.

Niwape kisa cha mtu aliyetanguliza jambo hilo, na alikuwa na kila sababu ya kulikataa. Mwaka 390, mtawala wa dola la Roma alikuwa Kaisari Theodosi. Alikuwa Mkristo, na mtetezi wa imani ya Nisea, yaani kwamba Kristo ni Mungu kweli. Mwaka huo katika mji wa Thesalonike kamanda wake wa jeshi, jina lake Butheriki, aliuawa na watu wenye ghasia. Chanzo kilikuwa kufungwa gerezani kwa mwendesha magari ya mashindano aliyependwa sana. Kaisari akawaka hasira, akaruhusu kisasi. Askari wakawaua raia bila kuchagua mwenye hatia na asiye na hatia. Mwanahistoria Theodoreto anataja watu 7,000.

Askofu wa Milano wakati huo alikuwa Ambrosi. Alifanya nini? Hakusimama barabarani kumtangaza. Alimwandikia Kaisari barua ya siri. Alimkumbusha mfalme Daudi, jinsi alivyoua, na jinsi alivyokubali alipoambiwa na nabii Nathani, "Wewe ndiwe mtu huyo." Akamwambia kwamba hawezi kuadhimisha sadaka takatifu mbele yake mpaka afanye toba.

Hebu jiwekeni mahali pa Kaisari. Dola yote iko chini yako. Askofu ni raia wako. Ungeweza kumwondoa. Ungeweza kusema, nimejenga, nimetetea imani, nimepiga marufuku wazushi, leo unanizuia mimi? Na saumu unaweza kufunga, hiyo si shida. Sadaka unaweza kutoa, hazina ni yako. Lakini kulia mbele ya watu, mbele ya askari wako, mbele ya watumishi wako?

Theodosi alikubali. Alivua alama za ukaisari, akafanya toba hadharani kanisani, akalia, akaomba msamaha. Alirudishwa kwenye meza ya Bwana wakati wa Noeli mwaka huohuo. Alipofariki mwaka 395, Ambrosi ndiye aliyehubiri kwenye maombolezo yake, na alisema kwamba toba ya hadharani, ambayo hata watu wa kawaida huionea aibu, Kaisari hakuionea aibu. Tena kwamba baada ya hapo haikupita siku bila yeye kusikitikia kosa lile.

Toba ile haikufufua wafu wa Thesalonike. Tusiipambe. Damu ilimwagika na watoto walibaki yatima. Ninachotaka mwone ni kilichotoka kwenye kiti: heshima. Hicho ndicho kitu ambacho wengi wetu hatukigusi Kwaresima yote. Nyama tunaacha, pombe tunaacha, muziki tunaacha. Heshima hatuiachi. Baba hawezi kumwambia mwanawe, "Nilikuonea, nisamehe." Mkubwa wa ofisi hawezi kumwambia aliye chini yake, "Siku ile nilikosea mimi." Wanandoa wamelala migongo miezi mitatu, kila mmoja anafunga, kila mmoja anasali rozari yake, na kila mmoja anasubiri mwenzake aanze. Halafu Jumatano ya Majivu wote wawili walipanga foleni, wote wakapakwa majivu, wote wakaambiwa u mavumbi wewe, na mavumbini utarudi. Mavumbi mawili yanayogombea heshima!

(Mnacheka. Ni sawa, chekeni, lakini mwende nalo nyumbani.)

Na kwa kuwa nimetaja majivu: siku ileile tunayopakwa, Injili inayosomwa ni Matayo 6, ambapo Yesu anasema ufungapo unawe uso, ili watu wasikuone kwamba unafunga. Tunatoka kanisani na alama kwenye paji la uso, tunapiga picha, tunaisambaza. Majivu yenyewe sina neno nayo, ni ishara takatifu, yametoka kwenye matawi ya Domenika ya Matawi ya mwaka uliopita yaliyochomwa; yale tuliyoyapunga kwa shangwe yamekuwa vumbi. Ila zile picha, mh. Sala, kufunga na sadaka, yote matatu Yesu anayazungumzia katika sura hiyo, na kwa wale wanaofanya ili waonekane na watu anasema wamekwisha kupata thawabu yao. Wameshalipwa. Hawadai kitu.

Sasa mtaniuliza, tufanye nini? Mimi nina pendekezo moja tu, na nililikusudia liwe moja ili lisisahaulike. Kwaresima hii mwachie mtu mwingine akuchagulie mfungo. Nenda kwa mtu mnayeishi naye, mke, mume, mtoto, mzazi, mwenzako wa chumba, umuulize: "Ni kitu gani kwangu kinachokuumiza?" Kisha nyamaza. Usijitetee, usieleze ulimaanisha nini, usimkumbushe na yeye yake. Atakachokutajia, hicho ndicho ukafunge. Huenda ukagundua hakuna anayejali kama unakunywa chai na sukari au bila sukari. Watakutajia ulimi wako. Watakutajia simu yako. Watakutajia namna unavyoingia nyumbani na kila mtu ananyamaza. Utatamani wangekuambia uache nyama.

Na kama nyumba yako ni ya mateso, kama mtu mnayeishi naye anakupiga au anakutisha, pendekezo hilo si lako. Wewe tafuta padre au mtu mzima unayemwamini uzungumze naye, leo hii. Kujitoa nafsi hakumaanishi kumsaidia mtu aendelee na dhambi yake juu ya mwili wako.

Wako pia ambao wamekuja hapa wameshakata tamaa, waliahidi Jumatano ya Majivu, na wiki ya pili haikuisha wakavunja. Kijana mmoja aliniuliza asubuhi kama inafaa aendelee au asubiri mwaka kesho. Kijana, hukuwa unashikilia rekodi. Ukihesabu kutoka Jumatano ya Majivu mpaka Jumamosi Kuu utapata siku 46. Ni 40 kwa sababu Domenika sita hazihesabiwi katika mfungo. Kanisa lenyewe limetia mapumziko katikati ya safari. Petro alikana mara tatu kwa usiku mmoja, na hakuambiwa asubiri mwaka kesho. Endelea kesho asubuhi. Au leo mchana, kwani kesho ina nini?

Nimeambiwa muda wangu umekwisha, na kitubio kinaanza baada ya mapumziko mafupi. Mapadre watakaa wawili humu ndani kanisani na wengine nje chini ya miti, ili wenye miguu inayouma wasipande ngazi. Wazee na akina mama wenye watoto wachanga watangulie. Mwenye swali aliandike kwenye karatasi, ampe katekista, nitayajibu baada ya Njia ya Msalaba. Asanteni kwa kunisikiliza.